Magari Kuchemsha katika Njia ya Songea

Kabla ya lami ya miaka ya 1980, gari lililotoka Makambako kwenda Songea lilipita takriban kilomita 300 za udongo, na kuchemsha njiani lilikuwa jambo la kawaida. Dumu la maji lilipangwa pamoja na jeki na tairi la akiba. Kwenye vilima vya Lukumburu, lori lenye shehena lilipanda kwa gia ndogo: injini ikizunguka kwa kasi, gari likitambaa, upepo ukipita kidogo mno kwenye rejeta. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, tope liliziba matundu yake kwa nje. Kwa ndani rejeta iliziba polepole, kwa uchafu wa maji ya vijito ambayo utingo aliyachota njiani. Mkanda wa feni nao, ambao kwa kawaida ndio uliozungusha wota pampu, ukikatika safari iliishia hapo.

Mwinuko pia ulichangia. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya wazi huchemka kwenye digrii 96 hivi. Mfuniko wa rejeta hubana mvuke ili kiwango hicho kipande kupita 100. Mpira wake ukichakaa, maji hutoka hata kama rejeta ni nzima.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79, fedha za kigeni na vipuri viliadimika. Themostati, yaani valvu inayodhibiti mzunguko wa maji ya injini, ikikwama ilitolewa tu, bila nyingine kuwekwa. Desturi hiyo imedumu katika gereji hadi leo, nayo ni mbaya: injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi, na bado huchemsha kama rejeta imeziba.

Lami ya Makambako–Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza, ilipunguza adha hiyo. Kisha yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, mengi yakiwa na feni ya umeme na silinda hedi ya alumini, ambayo hupinda upesi ikizidiwa na joto na kuunguza gasketi. Magari hayo yanahitaji kulanti, yaani kipoza injini. Maji matupu huleta kutu kwenye wota pampu na njia za maji. Kwa mwenye gari wa Mshangano, Songea, leo, mlima si kisingizio tena: gari likichemsha, kwanza akague kiwango cha kulanti, mfuniko, feni na rejeta, injini ikiwa imepoa.