Kwa Nini Uliondoka? Historia ya Njia Iliyotufikisha Nakivale



Kila aliyepita kwenye meza ya kuandikishwa analikumbuka swali hili: kwa nini uliondoka nchini kwako? Nafasi ya kujaza jibu ni mistari michache, na mkalimani ana haraka kwa sababu nyuma yako kuna foleni ndefu. Unasema "vita", karani anaandika "vita", mambo yamekwisha. Usiku ndipo mtu anakumbuka kwamba vita vilikuja mwisho. Kabla ya vita kulikuwa na shamba lililochukuliwa, kitambulisho kilichokataliwa, kaka aliyeachishwa kazi kwa ajili ya jina la baba yake.

Kwa maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, vijana wetu waliiomba Kamati iandike juu ya sababu zinazowafanya watu watoke dola moja na kuingia nyingine. Walikuwa na kisa cha kuuliza. Wanapokwenda Mbarara mjini kutafuta kazi huambiwa kwamba sisi tulifuata posho, na kwamba tunangojea ndege ya kwenda Marekani. Kamati haiwezi kumfuata kila asemaye hivyo. Lakini tunaweza kuandika tunayoyajua juu ya mahali hapa, maana Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika, na njia itokayo mpakani kupitia Mbarara imebeba watu wa kila namna.

Tuanze kabla ya neno mkimbizi halijaandikwa katika daftari lolote. Mpaka wenyewe si mzee sana. Mwaka 1910 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji walikutana mjini Brussels wakagawana milima ya huku. Bufumbira, iliyokuwa ikimtii Mwami wa Rwanda, ikawekwa Uganda. Nchi ya zamani ya Mpororo ikajikuta vipande vyake viko pande mbili. Siku hiyo hakuna aliyefunga mzigo. Watu walibaki kwenye vilima vyao, ila dola ndiyo iliyohama.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji walikuwa ndio watawala wa Rwanda na Burundi. Kulikuwa na kodi ya kichwa, kazi za shuruti za barabara, mazao ya lazima, na kiboko kwa aliyechelewa. Upande wa Uganda, wakulima wa Buganda walikuwa na pamba na kahawa, walihitaji mikono, na walilipa fedha taslimu. Kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950 makumi ya maelfu ya Wanyarwanda na Warundi walivuka kila mwaka, wengi kwa miguu, wakipita Ankole kuelekea Masaka na Kampala. Njaa kubwa ya Ruzagayura, ya mwaka 1943 na 1944, iliwaongeza. Serikali ya Kiingereza iliwahesabu wote kuwa vibarua.

Je, watu hao walifuata mshahara au walikimbia kiboko? Sisi tunaona walifanya yote mawili kwa hatua zile zile za miguu. Mtu haachi shamba lake akachume pamba ya mwenzake ila kama shamba lake mwenyewe limegeuzwa kuwa adhabu. Lakini kwa kuwa daftari lilikuwa na neno moja tu, kibarua, wajukuu zao wengi hawajui kwamba babu alikuwa na alama za kiboko mgongoni.

Sasa tuje mwaka 1959. Mwezi wa Julai Mwami Mutara Rudahigwa alifariki ghafula mjini Usumbura. Mwezi wa Novemba machafuko yalianza Rwanda, nyumba za Watutsi zikachomwa moto, na maelfu wakakimbilia Uganda, Kongo, Burundi na Tanganyika. Wengine waliwafuata mwaka 1961, ufalme ulipoondolewa, na baada ya uhuru wa 1 Julai 1962. Vitabu vingi hutaja mwaka 1958 kuwa mwanzo wa Nakivale na mwaka 1960 kuwa mwaka wa kutambuliwa rasmi. Waliofika na ng'ombe walifika nao. Waliwekwa hapa karibu na ziwa, katika nchi iliyokuwa na mbung'o na watu wachache, na wengine wakawekwa Oruchinga, jirani yetu.

Mwaka huo huo wa 1960 ilitoka sheria ya kuwatawala wakimbizi. Ilitaka wakae mahali palipopangwa, na anayetoka awe na ruhusa. Sheria hiyo ilidumu hadi ilipobadilishwa na ile ya mwaka 2006, ambayo inatambua haki ya mkimbizi kutembea na kufanya kazi. Tunaomba vijana waikumbuke miaka hiyo 46, maana ndiyo inayoeleza yaliyofuata. Mtoto aliyezaliwa Nakivale mwaka 1962 alikua akisema Kinyankole, akasoma, akaoa, na bado kwa sheria alikuwa mgeni wa kambi.

Mwaka 1982 jambo hilo lilitoka hadharani. Serikali ya Rais Milton Obote ilikuwa ikipigana na waasi wa Yoweri Museveni, nao Wanyarwanda wakatuhumiwa kuwa upande wa waasi. Mwezi wa Oktoba, katika wilaya ya Mbarara, vijana wa chama tawala na machifu waliwafukuza watu majumbani, wakachukua ng'ombe na mabati. Hawakuuliza sana nani mkimbizi wa mwaka 1959, nani mjukuu wa kibarua, na nani mwananchi ambaye ukoo wake ulikuwapo tangu kabla ya mpaka. Hata Bahima wengine waliguswa. Kiasi cha watu 40,000 walikimbilia Rwanda, na maelfu mengi wakakimbilia ndani ya makazi, Nakivale ikiwemo. Rwanda ilipofunga mpaka, maelfu walibaki wamekwama Merama Hills, nyuma yao wanaowafukuza na mbele yao askari. Hapo mtu angeulizwa "kwa nini uliondoka?", angejibu juu ya nchi ipi?

Waliobaki walijifunza somo. Wapo vijana wa wakimbizi waliokuwa na Museveni tangu vita vilipoanza mwezi wa Februari 1981, na baada ya fukuza ya Mbarara wengi zaidi waliingia msituni. Jeshi hilo liliichukua Kampala mwezi wa Januari 1986. Fred Rwigyema, aliyeletwa Uganda akiwa mtoto mdogo wa mkimbizi, akawa naibu waziri wa ulinzi. Mtu angedhani swali limekwisha. Lakini mwaka huo huo wa 1986 chama kilichotawala Rwanda kilitangaza kwamba nchi imejaa na haiwezi kuwapokea wakimbizi wote kwa pamoja. Na mwezi wa Agosti 1990, katika ugomvi wa mashamba ya mifugo huku magharibi mwa Uganda, bungeni kulisemwa wazi kwamba Wanyarwanda si raia na wasigawiwe ardhi. Tarehe 1 Oktoba 1990 vijana wale walivuka Kagitumba na bunduki. Rwigyema aliuawa siku iliyofuata.

Wanaoandika historia hii kwa kifupi husema walirudi kwa kupenda kwao. Sisi hatukubali kwamba neno hilo linatosha. Waliondoka Uganda kwa sababu ile ile iliyowaondoa wazee wao Rwanda: dola iliyowahesabu walipohitajika ilikataa kuwahesabu walipoomba ardhi. Tofauti ni kwamba safari hii walikuwa na silaha.

Mwaka 1994 hatuandiki kwa urefu. Kati ya Aprili na Julai mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalimaliza watu zaidi ya 800,000 nchini Rwanda, na humu makazini wapo waliopoteza wote. Tunataja jambo moja tu linalohusu njia yetu. Katika miezi ya mwisho ya mwaka ule, wakimbizi wa mwaka 1959 na watoto wao walikuwa wakipakia vitu kurudi Rwanda, huku wengine, Wahutu, wakitoka Rwanda. Wengi wa hao walikwenda Goma na Ngara. Uganda ilipata wachache, na wengine walifika baadaye, Tanzania ilipowataka waondoke mwishoni mwa mwaka 1996. Njia ni ile ile, makazi ni yale yale, na vibanda vilivyoachwa na hawa vikapata kuingiwa na wale. Kamati hii ina watu wa pande zote, na tumekubaliana kuliandika hili bila kuongeza neno.

Ndugu zetu Wakongomani, ambao leo ndio wengi hapa, wana historia inayofanana na hiyo kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1981 Zaire ilitoa sheria ya uraia: raia ni yule ambaye kabila lake lilikuwapo ndani ya mipaka tarehe 1 Agosti 1885. Kwa hiyo mkulima wa Masisi au Rutshuru, ambaye babu yake aliletwa na Wabelgiji kulima, au ambaye hakuweza kuthibitisha, aliamka si raia. Sheria ilibadilishwa mwaka 2004, lakini kufikia hapo vita vya 1996 na 1998 vilikuwa vimepita juu ya vijiji. Aliyetoka Rutshuru mwaka 2008, au aliyevuka Bunagana mwaka 2012 na tena mwaka 2022, anasema "vita", na anasema kweli. Wabembe, Wahunde, Wanande na wengine ambao uraia wao haukuulizwa na mtu wamekimbia vita hivyo hivyo. Ndivyo ilivyo: dola ikianza kuchagua wa kwake, risasi haichagui.

Uganda nayo ina tarehe yake. Katiba ya mwaka 1995 inawataja Wanyarwanda kati ya jamii zilizokuwapo tarehe 1 Februari 1926. Huo ulikuwa uamuzi mwema kwa watu wa Bufumbira na wajukuu wa mapema. Lakini katiba hiyo hiyo, inapoeleza uandikishaji wa waliozaliwa nchini, inamtoa yule ambaye mzazi wake au babu yake alikuwa mkimbizi. Mtoto wako aliyezaliwa Juru au Rubondo asome sentensi hiyo. Mwaka 1885, mwaka 1926: hakuna hata mmoja wetu aliyekuwapo, na tarehe hizo ndizo zinazoamua nani atahama kesho.

Juu ya Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea tunapita upesi, kwa kuwa Kamati imewaomba waandike wenyewe katika toleo lijalo. Itoshe kusema kwamba Wasomali walianza kutawanyika dola yao ilipoanguka mwezi wa Januari 1991, na Warundi wengi walio hapa walikuja baada ya Aprili 2015, Rais Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu.

Tena tusidhani kwamba mambo haya ni ya Waafrika peke yao. Mwaka 1942 Uganda ilipokea wakimbizi Wazungu, watu wa Poland waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na serikali ya Stalin. Waliwekwa Nyabyeya, Masindi, na Koja kando ya ziwa Nyanza. Huko Nyabyeya kanisa lao lipo hadi leo. Vita vilipokwisha wengi walikataa kurudi, kwa kuwa nchi yao ilikuwa chini ya wale wale waliowahamisha, wakapelekwa Uingereza, Australia, Kanada na kwingineko. Hatujasikia mtu akisema kwamba walifuata posho.

Na posho je? Hatutaficha. Wapo kati yetu waliotoka kwanza katika kambi za Tanzania au Kenya, kisha wakaja Nakivale. Walikuja kwa sababu huku mtu hupewa kiwanja cha kulima, anaweza kufungua duka, anaweza kupanda gari hadi Mbarara bila kukamatwa, wakati huko kwa miaka mingi mkimbizi alitakiwa akae kambini. Hilo ni kweli, wala si aibu. Lakini sababu ya kuondoka na sababu ya kuchagua pa kwenda ni mambo mawili, na anayeyachanganya anatukosea. Mtu nyumba yake ikiungua hukimbilia kwa jirani mwenye mlango wazi. Hakuichoma nyumba yake kwa kupenda mlango ule.

Sheria yenyewe huyatenga. Mkataba wa Geneva wa 1951 unataja hofu ya kuteswa kwa ajili ya mambo matano: rangi au kabila, dini, utaifa, kundi la jamii, na mawazo ya siasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotiwa sahihi Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969, uliongeza uvamizi, kutawaliwa na wageni, na matukio yanayovuruga vibaya usalama wa nchi. Njaa haimo. Kwa sababu hiyo mwenye njaa na hofu pamoja hufundishwa na waliomtangulia aseme hofu tu, na nusu ya maisha yake inabaki haijaandikwa popote.

Ndiyo maana Kamati imefungua daftari lingine. Halihusiani na hadhi ya ukimbizi wala mgao wala safari ya nchi ya tatu, na halitapelekwa ofisi yoyote. Kila mtu atapewa kurasa anazotaka, kwa lugha anayotaka, kujibu swali lile la kwanza tangu mwanzo wake. Wazee wasioandika watasaidiwa na wanafunzi wa sekondari. Daftari liko kwa katibu, Base Camp, kila Jumamosi baada ya saa nane mchana. Waliokwisha kuandika hadi tunapokwenda mitamboni ni 11, na wa kwanza, mama mmoja wa Rubondo, ameanza na mti wa parachichi.