Kisu Kisichokunjwa: Historia ya Chuma Tulichokikuta West Nile

Ndugu na dada, wengi mmetuuliza kwa nini sisi wa kujitolea tulirudi Koboko kununua visu mara ya pili. Jibu fupi ni hili: vya kwanza vilimkata mwenzetu. Jibu refu ni historia, na ndiyo tunaandika leo.

Kazi yetu mnaijua. Familia mpya ikipewa kiwanja, hasa bibi aliyefika na wajukuu tu, tunaenda kumsaidia kusimamisha kibanda. Hapo unakata kamba, unachonga miti, unapasua mianzi, unakata turubai. Tukachanga pesa, tukanunua visu vya kukunja, juu vilikuwa vinang'aa na vinaingia mfukoni. Wiki ya pili vumbi limejaa kwenye kiungo, kishikizo kimelegea. Mwenzetu alikuwa anatoboa mwanzi, kisu kikajikunja juu ya vidole vyake. Alishonwa, na mpaka leo kidole kimoja hakifanyi kazi vizuri.

Mzee mmoja mwenyeji, jirani yetu, aliona ile bendeji akatikisa kichwa. "Wanangu, kisu chenye mgongo uliovunjika ni cha kumenyea chungwa. Sisi tulipokuwa wakimbizi tulilijua hilo."

Tukashangaa. Mzee, wewe ulikuwa mkimbizi?

Ndiyo, tena si yeye peke yake. Wengi wetu hatujui kwamba watu wanaotukaribisha leo walikimbia kabla yetu. Idi Amin alipopinduliwa Aprili 1979, watu wa West Nile walianza kuogopa kisasi, maana Amin alihesabiwa mtu wa huku. Oktoba 1980 askari wake wa zamani walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi la serikali mpya likarudi kwa hasira, na raia ndio walilipa. Juni 1981 watu waliojificha kwenye misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Zaire na Sudan, wengi upande wa Yei. Yaani njia ileile ambayo wenzetu wa Sudan Kusini waliipita mwaka 2016, wao waliipita kwa kuelekea upande mwingine.

Mzee alituambia alivuka na vitu vitatu: mtoto mgongoni, sufuria, na kisu cha mhunzi chenye mpini wa mti. Sufuria iliibwa. Kisu kilikata nyasi ya nyumba yake ya kwanza ugenini.

Sasa, huyo mhunzi alitoka wapi? Hapa lazima turudi nyuma zaidi. Kabla ya wazungu, eneo hili lilikuwa na mafundi wake wa chuma. Wakebu, ambao wengine huwaita Okebo, wanaokaa upande wa Zombo na ng'ambo ya mpaka Kongo, walijulikana kwa kazi hiyo. Walichimba mawe yenye chuma, wakayayeyusha kwa makaa na viriba, wakafua majembe, mikuki na visu. Majirani zao Waalur walitegemea chuma chao. Jembe halikuwa la kulimia tu, liliweza kuingia hata kwenye mahari.

Halafu mipaka ikaja. Sehemu hii ilikuwa ndani ya eneo la Lado, chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, mpaka 1910. Mwaka 1914 Waingereza waliichukua kutoka upande wa Sudan wakaitia Uganda, na Arua ikawa makao yao. Wakakwa wakajikuta katika nchi tatu, Walugbara katika mbili. Vijana wa West Nile wakapelekwa kusini kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, panga mkononi. Bidhaa za kiwandani zikaenea, kama zile za Chillington kutoka Uingereza zenye alama ya mamba. Kuyeyusha mawe kukakosa faida. Lakini ufundi wa kufua haukufa. Mhunzi aliacha mawe, akaanza kuokota vyuma chakavu. Leo anatumia springi za gari bovu.

Kwa hiyo mara ya pili tulikwenda Koboko na mzee, kwa mhunzi. Haya ndiyo tuliyojifunza, na yeyote anaweza kuyatumia.

Kwanza, chuma cha kisu kiwe kipande kimoja, na mkia wake ufike mwisho wa mpini, umeshikwa kwa ribiti mbili au tatu. Mkia mfupi hung'oka siku ya kazi ngumu. Pili, makali yasizidi sana urefu wa kiganja. Kazi ya kufyeka ni ya panga. Tatu, muulize mhunzi alivyokipoza. Chuma kikizamishwa kikiwa chekundu halafu kisirudishwe kwenye moto mdogo, makali humegeka kama glasi. Nne, chuma cha springi hushika kutu, ndiyo, lakini unakinoa kwa jiwe la mtoni. Kipake mafuta ya kupikia, inatosha. Tano, usiondoke bila ala. Yetu ilishonwa kwa mpira wa tairi.

Na la sita halihusu chuma. Mhunzi kabla ya kutuuzia alimtazama mzee, akauliza, "Hawa vijana unawajua?" Mzee akajibu, "Nawajua." Ndipo akapokea pesa. Tuliumia kidogo, tusiseme uongo. Lakini tulielewa. Septemba 2020, hapa Rhino Camp, mapigano kati ya wakimbizi na wenyeji yaliua watu. Kijana mgeni mwenye kisu kiunoni anaonekanaje kwa mama mwenyeji anayetoka kisimani? Ndiyo sababu visu vyetu ni mali ya kikundi. Vinakaa kwenye sanduku, vinaandikwa vikitoka na vikirudi. Kisimani, mpirani na kwenye mgao wa chakula haviendi.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, tuna ombi moja. Barbara Harrell-Bond alikaa na wakimbizi wa Uganda kule Yei miaka ya 1980 akaandika kitabu, "Imposing Aid". Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba misaada inaletwa kutoka juu bila kumsikiliza mkimbizi. Mnapoagiza visu na mapanga, tuulizeni sisi tutakaovitumia, na muulizeni mhunzi wa hapa. Kisu chake kikilegea, yeye yupo sokoni atakikaza. Cha kutoka mbali kikivunjika, kinatupwa.

Mzee hakutaka kulipwa kwa ile safari. Alisema kule Sudan kuna mtu alimnolea kisu chake bure, na hakupata kumlipa. Sasa tunajua deni hilo limefika kwetu. Kesho kuna familia mbili mpya, moja ni ya mzee asiyeona. Anayeweza kuja, aje saa moja asubuhi. Visu tayari vimenolewa.