Umbopa na barabara aliyoifunga

Nakala ya kwanza ya Mashimo ya Mfalme Sulemani niliyoishika haikuwa na jalada. Mjomba alikuja nayo kutoka Itigi, alikokuwa akifanya kazi relini, akaitupa juu ya gunia la karanga kama mtu aliyeleta kiberiti. Ukurasa wa kwanza haukuwapo, wa mwisho ulikuwa umeliwa na mchwa pembeni. Tuliisoma kwa zamu, kwa mwanga wa koroboi, na aliyekuwa na sauti nzuri ndiye aliyesomea wenzake.

Mitundu, kijijini kwetu, palifaa kusomea kitabu kile. Ukitoka stesheni ya Itigi ukashika barabara ya kusini iendayo Rungwa, unakipita kwanza kichaka kile kizito ambacho wataalamu wa mimea wamekipa jina la Itigi, kisha inaanza miombo: mizinga juu ya miti, mashamba ya tumbaku, na mbele yake pori la akiba ambako wageni huja kuwinda. Kwa hiyo Allan Quatermain, mwindaji wa tembo mwenye mwili mdogo na maneno mengi, hakuwa mtu wa ajabu kwetu. Watu wa kazi yake tulikuwa tukiwaona wakipita, na vumbi lao tulilila.

Kitabu chenyewe H. Rider Haggard alikiandika baada ya kubishana na ndugu yake kwa shilingi tano: ati hawezi kutunga hadithi hata nusu ya uzuri wa Treasure Island ya Stevenson. Kilitoka London mwezi Septemba 1885, kikatabarukiwa wavulana wote watakaokisoma, wakubwa kwa wadogo. Kiswahili chake ni cha Frederick Johnson, mtumishi wa serikali ya kikoloni Tanganyika, na Longmans walikichapa mwaka 1929. Huyo ndiye Johnson aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, na ndiye mwenye mkono katika kamusi kubwa ya 1939, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Niseme wazi kwamba Kiswahili cha mashine ya ukoloni hakikuzaa vitu vingi vya kupendwa. Hiki kilipendwa. Kizazi baada ya kizazi cha watoto wa shule, Tanganyika na Kenya, kilimjua Gagula mchawi kabla ya kumjua waziri yeyote.

Lakini ukituuliza sisi wa gunia la karanga nani alikuwa stelingi wa hadithi ile, hakuna ambaye angemtaja Quatermain. Stelingi alikuwa Umbopa. Anakuja kuomba kazi ya utumishi katika safari, mrefu, mkimya, hana haraka ya kumwita mtu bwana. Wanavuka jangwa pamoja, wanapanda milima pamoja, na wakishafika nchi ya Wakukuana anafungua nguo yake na kuonyesha alama ya nyoka kiunoni: yeye ndiye Ignosi, mfalme wa haki, na Twala mwenye jicho moja ameketi kwenye kiti kisicho chake. Vita vinapiganwa, Twala anakufa. Kisha linakuja jambo ambalo mjomba alitusomea mara mbili. Wazungu wanaaga, mifuko imejaa almasi, na Ignosi anawaambia kwamba hao marafiki zake watatu wakirudi watapokewa, ila mzungu mwingine hatavuka ile milima. Hataki wafanyabiashara na bunduki zao na pombe yao. Njia imefungwa.

Haggard hakuwa mpinga ukoloni, tusidanganyane. Alikuwa mtumishi wa dola huko Natal na Transvaal tangu 1875. Hata hivyo aliyaandika maneno hayo, na mwaka uleule wa 1885 ndio ulioanza huku mkutano wa Berlin ukimalizia kazi yake. Ndiyo sababu kila filamu iliyotokana na kitabu hiki naipima kwa kipimo kimoja tu: imemfanya nini Umbopa?

Afrika Kusini ilitoa filamu bubu ya hadithi hii mwishoni mwa miaka ya 1910. Naipita. Habari yenyewe inaanza 1937, Robert Stevenson alipoongoza filamu ya Uingereza na kumpa Paul Robeson nafasi ya Umbopa. Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti ya kutikisa kuta, alikuwa amesoma Kiswahili London kwa hiari yake, miaka michache kabla. Tayari alikuwa ameungua mara moja: katika Sanders of the River ya 1935, ambayo Jomo Kenyatta alitokea ndani yake kama mmoja wa watu wa kijazio, aliamini anaigiza heshima ya Mwafrika, akaja kuona filamu imegeuzwa kuwa sifa za mkoloni. Katika Mashimo alipata nafuu. Umbopa wake ana kimo, ana uso wa mtu anayejua siri, na kila anapotembea mbele ya kamera wale wazungu wanageuka kuwa wafuasi wake. Tatizo ni kwamba anaimba. Anaimba jangwani, anaimba mlimani, anaimba nyimbo zilizotungwa Uingereza, kwa sababu watu walilipa kiingilio kumsikia Robeson akiimba. Kikosi kilitumwa Afrika kupiga picha za nchi, ila Robeson alibaki studio. Mfalme wa Wakukuana alirudi nchini kwake bila kuondoka London.

Filamu hiyo ndiyo iliyofungua pia mlango wa mwanamke wa Kizungu. Kitabuni Quatermain anajitapa mapema kwamba hadithi yake haina sketi, ukimwondoa Foulata na yule bibi kizee Gagula. Mwaka 1937 akaingizwa msichana wa Kiairishi, na tangu hapo hakuna mtengenezaji aliyethubutu kumtoa. Gharama yake aliilipa Foulata, binti wa Kikukuana anayempenda Kapteni Good, mmoja wa wale wazungu watatu, na kufa ndani ya shimo la almasi. Mapenzi yale yalikuwa ya mweusi na mweupe, na Haggard mwenyewe aliyakatisha kwa kifo. Sinema ilipata njia rahisi zaidi ya kuyakatisha, ikamweka mzungu mwingine.

Miaka hiyohiyo ya 1935 hadi 1937, huku nyumbani, kulikuwa na mradi wa sinema uliokuwa na makao Vugiri, milima ya Usambara. Ulitengeneza filamu za mafunzo na kuzizungusha kwa lori katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya kati, maelezo yakitolewa kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwamo. Namna gani ya kuuza mazao, namna gani ya kujikinga na maradhi. Mwafrika alistahili mafunzo. Mashimo ya Mfalme Sulemani yalikuwa ya wengine.

Filamu ya 1950 ndiyo iliyokuja kwetu kwa miguu yake. MGM waliwaleta Stewart Granger na Deborah Kerr, wakapiga picha Kenya, Tanganyika, Uganda kwenye maporomoko ya Murchison, Kongo na Ruanda. Hadithi ikahamishwa kutoka kusini ikawa ya Afrika Mashariki. Hakuna muziki wa okestra hata kidogo, ngoma na nyimbo za wenyeji tu, na huo uamuzi bado ni wa kuvuliwa kofia. Robert Surtees alipata Oscar kwa upigaji picha, na uhariri ukapata ya pili. Wanyama wanaotimua mbio kuvamia kambi bado wanamfanya mtu anyanyue miguu. Umbopa ni Siriaque, Mtutsi kutoka Ruanda, mwembamba kama mkuki. Anaongea kidogo sana. Lakini yeye ndiye anayepigana na Twala mkono kwa mkono, tofauti na kitabu ambamo Sir Henry Curtis, mwenzao Quatermain na Good, ndiye anayemkata kichwa. Hapo filamu imekizidi kitabu, nami nakiri bila aibu. Baada ya pambano wageni wanaondoka, na filamu imekwisha. Agizo la kufunga njia halimo. Kampuni yenyewe haikuifunga: picha zilizopigwa kwetu zilirudishwa tena katika filamu nyingine, Watusi ya 1959, kama nguo ya mtumba.

Kisha 1985. Golan na Globus wa kampuni ya Cannon walikuwa wameona fedha zilizoingizwa na Indiana Jones, wakaenda Zimbabwe na Richard Chamberlain na Sharon Stone. Wajerumani wa Vita Kuu ya Kwanza wanakimbizana na kila mtu, na stelingi na mpenzi wake wanatiwa ndani ya chungu kikubwa pamoja na mboga, wapikwe. Umbopa amepewa Ken Gampu, mwigizaji mzuri wa Afrika Kusini aliyestahili zaidi. Mwaka uliofuata wakatoa sehemu ya pili kutokana na kitabu cha Allan Quatermain. Hiyo iliniuma zaidi, kwa maana safari ya kitabu hicho cha 1887 inaanzia Lamu! Haggard alikuwa na ndugu yake, Jack, makamu wa balozi wa Uingereza palepale Lamu, na wasafiri wake wanaufuata mto Tana kwenda bara hadi kupigana na Wamaasai. Kiswahili chake kipo. Katika filamu Lamu haikupata hata dakika moja.

Mwaka 2004 televisheni ya Marekani ilimleta Patrick Swayze, na Umbopa akawa Sidede Onyulo, Mkenya yuleyule aliyekuwa Owuor mpishi katika filamu ya Kijerumani iliyopata Oscar, Nowhere in Africa. Baada ya miaka karibu sabini, Umbopa akachezwa na mtu wa nchi zinazomsoma kwa Kiswahili. Picha zilipigwa Afrika Kusini, kwa Kiingereza. Onyulo alifariki mwaka 2008.

Mimi ile ya chungu niliiona Mitundu, katika kibanda umiza chenye mabenchi ya mbao, jenereta likinguruma nyuma kiasi cha kumeza nusu ya maneno. Kijana aliyeshika rimoti alitutafsiria, kwa mtindo ambao mtafsiri wa filamu Lufufu aliusambaza nchini kwa kanda zake: anaongeza vichekesho, anampa kila adui jina la mtu wa pale sokoni. Ilipofika zamu ya chungu tulicheka. Mzee mmoja wa Kikimbu, aliyeingia kukwepa jua, hakucheka. Akauliza kile chungu kimefinyangwa na nani, na kimechomwa kwa moto gani bila kupasuka.

Tukamwambia mzee, hiyo ni sinema. Akasema chungu kisichopasuka yeye anakijua kimoja tu, Nyungu ya Mawe. Akaanza, huku filamu ikiendelea, habari za mtawala mwenye jicho moja aliyeiunganisha Ukimbu kwa jeshi lake la rugaruga, akazibana njia za pembe za ndovu, akafa mwaka 1884, na binti yake Mgalula akashika utawala. Miezi michache baadaye, London, Haggard akamwandika Twala mwenye jicho moja, bila kujua kitu. Kijana wa rimoti alipunguza sauti ya televisheni. Hakuna aliyedai kiingilio chake.