Chikungunya: homa iliyopewa jina huku kwetu

Chikungunya inajulikana leo hadi India na Brazili, lakini jina lake ni la Kimakonde: linaeleza kukunjwa, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mgonjwa.

Mwaka 1952 homa ya ghafla ilienea katika vijiji vya Newala na Masasi. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, ambazo zilifanana sana na za dengi. W.H.R. Lumsden, mtafiti wa virusi kutoka Entebbe, Uganda, alifuatilia ilivyoenea. Mwaka 1953 kirusi chenyewe kikapatikana katika damu ya mgonjwa.

Bado nasikia watu wakisema mbu ni shida ya mabondeni, huku juu tuko salama. Historia yetu inakataa. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga. Mvua inazama, na maji yanatokea chini ya mteremko, kama chemchemi za Ndanda. Akina mama walishuka kuyafuata, kisha wakapanda nayo kichwani. Maji ya taabu hivyo nani atayamwaga? Yalikaa mitungini, ndani ya nyumba, na humo ndimo alimozaliana mbu mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Kwa hiyo ukame ndio uliomlisha, wala si kinamasi.

Mwaka 2004 ikawa hivyo hivyo Lamu, Kenya: ukame, maji ya akiba, kisha chikungunya. Ikafika Mombasa, Komoro, na mwaka 2005 na 2006 kisiwa cha Réunion, ambako iliugua karibu theluthi ya watu.

Siku hizi mitungi imepungua, yamebaki mapipa, ndoo na matairi ya dukani. Mbu huyu hubandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri maji. Hivyo kuondoa maji peke yake hakutoshi. Kila wiki hamishia maji chombo kingine ukiyachuja kwa kitambaa, sugua kuta za pipa kwa brashi, suuza, uyarudishe, kisha funika kwa nguo iliyokazwa kwa kamba. Matairi yawekwe chini ya paa. Mwenye homa apimwe malaria zahanati, na asinywe aspirini wala diklofenaki kabla mganga hajahakikisha si dengi.