Spiromita na Hesabu Iliyofichwa Ndani Yake

Mwaka 1846 John Hutchinson, daktari wa upasuaji wa London, aliwasilisha mbele ya madaktari wenzake chombo alichokiita spiromita, yaani kipimapumzi, ambacho kilikuwa mtungi uliofudikizwa ndani ya maji na kusawazishwa kwa uzani, hivi kwamba mtu aliyevuta hewa yote awezayo, kisha akaipuliza kupitia mrija, aliuinua mtungi huo kwa kadiri ya pumzi yake. Baada ya kuwapima watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, polisi, wazimamoto na mafukara, Hutchinson alibaini kwamba ujazo huo huongezeka kwa inchi za ujazo 8 kwa kila inchi moja ya kimo, na kwamba hupungua kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Ndiyo maana alikipendekeza chombo chake kwa kampuni za bima ya maisha.

Nchini Marekani chombo hicho kiliangukia mikononi mwa watetezi wa utumwa. Daktari Samuel Cartwright alidai kwamba mapafu ya watu weusi yana upungufu wa asilimia 20 hivi, na mwaka 1869 Benjamin Gould akachapisha vipimo vya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoelekea kuunga mkono dai hilo, ilhali hali ngumu ambamo askari weusi walikuwa wameishi haikutiwa hesabuni.

Muda nao uliingizwa katika kipimo mwaka 1947, Wafaransa Tiffeneau na Pinelli walipopima hewa inayotoka kwa nguvu katika sekunde ya kwanza, kwa kuwa mwenye pumu anaweza kuwa na hewa ya kutosha kifuani lakini ikatoka polepole kwa sababu njia zake zimebana. Kazi yenyewe ilikuwa ya mkono: kalamu ilichora mstari juu ya karatasi iliyozunguka, na mpimaji akausoma kwa rula, kisha akarekebisha jibu, maana hewa itokayo mwilini ikiwa na nyuzijoto 37 husinyaa inapopoa mtungini.

Kuanzia miaka ya 1970 kompyuta ilichukua kazi hiyo. Kihisio husoma kasi ya hewa, programu huigeuza kuwa ujazo, hutambua kikohozi au mpulizo uliochelewa kuanza, na hutaka mipulizo mitatu mizuri ambayo miwili iliyo bora haipishani kwa zaidi ya mililita 150. Usahihi uliongezeka bila shaka. Hata hivyo asilimia inayotolewa na mashine haipimwi, bali hukokotolewa kwa kulinganisha pumzi ya mgonjwa na ile inayotarajiwa kwa umri, jinsia na kimo chake, na katika mashine nyingi za Marekani rangi yake pia ilizingatiwa: kwa mtu mweusi kiwango kinachotarajiwa kilipunguzwa kwa asilimia 10 hadi 15, hata ugonjwa wake ukaweza kuonekana mwepesi kuliko ulivyo. Mpimaji wa zamani alilifungua jedwali la viwango hivyo na kuliona punguzo hilo. Wa sasa hubonyeza kitufe tu, na hapo ndipo dai la karne ya 19 lilipojificha.

Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipendekeza milinganyo isiyotumia rangi. Hata hivyo, mashine ambayo programu yake haijabadilishwa huendelea kukokotoa kwa mlinganyo wa zamani.