Mashine Ichore Msitu, Handaki Tuchore Sisi

Wasee wa gemu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki, tuongee kidogo. Kuna watu wanadhani kompyuta ilianza kuchora leveli juzi tu AI ilipoingia. Zii. Binadamu na mashine wamekuwa wakigawana hii kazi kwa zaidi ya miaka 40.

1980, gemu ya Rogue ilikuwa inakuchorea mapango mapya kila ukianza. 1984, vijana wawili wa Uingereza, David Braben na Ian Bell, wakatoa Elite. Kompyuta yao ilikuwa na kilobaiti 32 tu za kumbukumbu, picha moja ya simu yako haiwezi toshea hapo. Kwa hivyo waliipa mashine kanuni za hesabu, ikazaa galaksi 8, kila moja na sayari 256. Lakini kuchagua walichagua wao. Kuna galaksi waliitupa kwa sababu sayari moja ilitokea na jina la matusi! Mashine haikuona shida yoyote.

2008 Derek Yu wa Marekani akaleta Spelunky. Kila leveli ina vyumba 16, nne kwa nne. Vipande vya vyumba vilichorwa na mtu, kompyuta ikavipanga na kuhakikisha kuna njia ya kutokea. Unaona mtindo? Mashine inajaza, mtu anaamua nini kina maana.

Sasa tulete hii stori nyumbani. Nyeri si wageni kwa hii teknolojia: mkutano wa kwanza wa Data Science Africa ulifanyika hapa 2015, katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Basi tuseme unaunda gemu ya vita vya Mau Mau. Ambia AI ikuchoree msitu wa Mlima Kenya na itakupa mianzi, ukungu na mito, safi kabisa. Iambie iongeze handaki, na kuna uwezekano mkubwa itakupa shimo la kuruka upate pointi.

Lakini lile handaki halikuwa shimo tu. Serikali ya kikoloni ilitaka wapiganaji wakose chakula. Kuanzia 1954 ikasukuma watu zaidi ya milioni moja kwenye vijiji zaidi ya 800 vya kulindwa. Kisha likachimbwa handaki ukingoni mwa msitu, upande wa Mlima Kenya likienda kama maili 50, kina futi 10, upana futi 16, ndani mianzi iliyochongwa ncha. Waliochimba ni wanakijiji wenyewe, kwa lazima, wengi wao wanawake. Yaani mama alichimba shimo la kumzuia mwanawe asipate chakula. Kimathi mwenyewe alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu, upande wa Tetu, tarehe 21 Oktoba 1956.

Kwa hivyo mimi naona leveli hiyo ianzie upande wa kijiji, mchezaji akiwa na jembe, si bunduki. Huo ni uamuzi wa mtu anayejua nani alichimba.

Na muda unaisha. Msichana wa miaka 15 mwaka wa 1954 leo amepita 80. Kabla ya kuuliza AI, enda umuulize cucu handaki lilipita wapi. Halafu rudi, uipe mashine kazi ya kupanda miti.