UZI: Kambi mpya Mara, na swali ambalo mdahalo huwa hauulizi

1/ Kila msimu wa siasa hii vita inarudi. Mmoja anasimama jukwaani: "Kambi za watalii zinamaliza Mara!" Mwingine anamjibu: "Hizo kambi ndizo zinasomesha watoto wetu!" Makofi, matusi, tunaenda kulala. Leo sitaji mwanasiasa wala chama. Nataka tupitie historia ya jinsi Kenya ilivyojifunza kupima madhara ya hoteli, na mahali tulipoiacha hiyo kazi nusu.

2/ Kwanza mjue nimetoka wapi. Niliwahi kufanya kazi kwa hoteli moja huko Pwani. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nazunguka na daftari: mita ya maji, mita ya stima, dizeli iliyobaki kwa tangi la jenereta. Mwanzoni niliona ni kupotezewa muda tu. Halafu wiki moja wageni walikuwa wachache sana, lakini maji yaliyosomwa yalikaribia yale ya wiki hoteli imejaa. Kumbe bomba lilikuwa linavuja chini ya bustani. Bila daftari tungeendelea kunyunyizia mchanga. Na ng'ambo ya ukuta wetu, akina mama walikuwa wakinunua maji kwa mtungi.

3/ Sasa turudi nyuma. Miaka ya 1960 na 1970 nchi ilikuwa changa na ilitaka pesa za kigeni. Hoteli zikaota ufuoni Mombasa, Diani na Malindi, na loji ndani ya mbuga. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku, safari ikawa ya kamera. Hesabu zilizosomwa kwa fahari zilikuwa za vitanda na wageni. Kuni ngapi zimechemsha maji ya kuoga? Majitaka yameenda wapi? Hayo hayakuwa maswali ya hotuba.

4/ Mabadiliko yalianza miaka ya 1990. Mwaka 1996 wadau wa utalii waliunda chama ambacho leo tunakiita Ecotourism Kenya. Mwaka 1999 Bunge likapitisha Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, ile iliyotuletea NEMA. Mwaka 2003 zikaja kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Kwa lugha rahisi: kabla hujaweka jiwe la kwanza, onyesha utaharibu nini na utazuia vipi, na wananchi waulizwe. Ukishafungua, unakaguliwa.

5/ Wakati huohuo, mwaka 2002, Ecotourism Kenya ilianza kuzipa hoteli na kambi madaraja: shaba, fedha, dhahabu. Wanaangalia maji, nishati, taka, na jinsi unavyoishi na jamii jirani. Ni kazi nzuri, na zipo kambi zilizoacha jenereta zikaweka sola kwa sababu ya hiyo dhahabu. Lakini ni hiari. Anayejijua mchafu halazimiki kuomba cheti.

6/ Linganisheni na plastiki. Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima. Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zikakatazwa ndani ya mbuga na fuo zilizohifadhiwa. Hapo hakukuwa na shaba wala dhahabu. Chupa ya maji ya plastiki ilizuiwa langoni, iwe ya mgeni wa loji ya kifahari au ya mwanafunzi wa ziara ya shule. Sheria ikigusa wote, tabia inabadilika haraka.

7/ Katikati hapo tukapata Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Cha 69 kinailazimu serikali kuwa na mfumo wa tathmini, ukaguzi na ufuatiliaji wa mazingira. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini hata kama wewe binafsi hujaumia. Kwa hivyo mtu akikuambia ukiuliza kuhusu kambi unapinga maendeleo, mwambie unasoma Katiba.

8/ Mwaka 2012 kampuni za hoteli duniani zilikubaliana njia moja ya kupima kaboni: jumla ya hoteli inagawanywa kwa vyumba vilivyolala wageni, kwa usiku. Ni hesabu nzuri, lakini ina mtego. Tufanye mfano. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi. Kambi inayochoma lita 100 kwa siku inatoa kilo 270. Ikiwa na wageni 60, ni kilo 4.5 kwa kila mgeni. Ikiwa na wageni 10, ni kilo 27.

9/ Umeona mtego? Moshi ni uleule. Kilichobadilika ni idadi ya vichwa tulivyogawanya. Kambi kubwa iliyojaa inaweza kuonekana safi kwenye karatasi kuliko kambi ndogo jirani, ilhali kwa jumla inachoma zaidi. Na stima yetu ya gridi inatoka kwa sehemu kubwa kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, kwa hivyo hoteli ya mjini inapata alama nzuri ya kaboni hata ikimwaga maji ovyo. Namba moja haitoshi.

10/ Mtego wa pili ndio mkubwa zaidi. Kambi hupeleka ripoti yake peke yake. Chukua mfano wa kubuni: kambi moja inachota lita 15,000 kwa siku. Mkaguzi anaona ni sawa, anapiga muhuri. Sasa weka kambi 20 kama hiyo kwenye mto mmoja, ni lita 300,000 kila siku, hata kiangazi. Kila mmoja ana cheti. Mto hauna habari na vyeti. Huo mto una viboko, una ng'ombe wa watu, na kama ni Mto Mara unavuka mpaka kwenda Serengeti hadi Ziwa Victoria.

11/ Sheria inalijua hili. Marekebisho ya 2015 yalitilia nguvu tathmini ya kimkakati, yaani kupima mipango na eneo zima badala ya jengo mojamoja. Halafu kuna mpango wa usimamizi wa Mara wa 2023 hadi 2032. Mwaka 2025 kambi moja ya kifahari ilipofunguliwa, kesi ilipelekwa kortini Narok. Mlalamishi alisema iko kwenye njia ya wanyama. Upande wa pili ukasema tathmini ilifanywa na vibali vipo. Mtandaoni tuligawanyika mara mbili. Mimi nilibaki nikijiuliza: hata kama kibali kipo, jumla iko wapi?

12/ Na si kwamba haiwezekani. Hifadhi za jamii zinazozunguka Mara, ambako wenye ardhi hulipwa kodi kila mwezi, nyingi zilianzia upande wa pili wa hesabu. Walianza na ardhi: ekari hizi zinabeba mahema mangapi? Hema moja kwa mamia ya ekari, basi. Mwekezaji wa ziada akija, anaambiwa nafasi imejaa.

13/ Wanaosema "funga zote" nao nawakumbusha mwaka 2020. Korona ilipofunga viwanja vya ndege, kambi zilibaki tupu, wapishi na madereva wakarudi nyumbani, na kodi za wenye ardhi zikayumba. Watu walilala njaa. Kazi ni kweli. Mto nao ni kweli.

14/ Kwa hivyo mwaniaji akija kwako na mojawapo ya zile hotuba mbili, muulize mambo matatu:
– Ripoti ya ukaguzi ya mwaka jana ya kambi hii iko wapi, na mimi naweza kuisoma?
– Kwa mto huu wote, vitanda ni vingapi na maji yanayochotwa ni lita ngapi?
– Kikomo ni kipi, na nani atasema "imejaa"?

15/ Asipojua, usimzomee. Mpe mwezi mmoja arudi na majibu. Lile bomba letu lilivuja sijui miezi mingapi kabla mtu hajaweka namba za wiki mbili kando kwa kando. Peleka uzi huu kwa ile grupu ya nyumbani, na kama unaishi karibu na kambi au hoteli, niambie hapa chini: maji yenu yanatoka wapi, na yao yanatoka wapi?